Risasi za bastola haziwekwi kwenye kopo lolote tu

Ndugu mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya usalama wa silaha nyumbani na kwa upande wa bastola yenyewe mmeandika vizuri sana, sefu, kufuli, funguo zikae wapi, yote sawa, ila mlipofika kwenye risasi mkamaliza kwa mstari mmoja tu eti ziwekwe kwenye chombo chochote chenye mfuniko unaobana. Chombo chochote? Hapo ndo nikaona niandike, maana wapo wamiliki halali wengi tu ambao bastola yao inang'aa, inapakwa mafuta kila mara, afu risasi zimerundikwa kwenye mfuko wa zipu kaliba (yaani saizi za risasi, kama 9mm au .45) tatu pamoja na hawaoni shida.

Tuanze na saizi kwa sababu hapo ndo wengi wanapotea. Mtu akitaka boksi la risasi anakimbilia lile la chuma la kijani la jeshi la Marekani, linaitwa M2A1, boksi zuri kwelikweli, lina bawaba, lina komeo la kubana na mpira mnene kuzunguka mfuniko, na linaingiza kama risasi 1,000 za 9mm zikiwa kwenye pakiti zake. Sasa piga hesabu. Risasi moja ya 9mm ni kama gramu 12, kwa hiyo 1,000 ni kilo 12 kabla hujahesabu boksi lenyewe, na .45 moja inafika gramu 21, kwa hiyo nazo ni nzito, na uzito wote huo unaning'inia kwenye mpini mmoja. Boksi la hivyo halihamishwi, linakaa pale pale chini sakafuni, na kitu kisichohamishwa hakikaguliwi, ndo maana unakuta mtu hajui hata kilichopo chini kabisa ni cha mwaka gani. Kwa bastola mimi nasema chukua lile dogo, M19A1, au ya plastiki ya saizi hiyo, mawili au matatu, kila moja kaliba yake. Boksi moja kaliba moja. Hata kama nusu liko wazi acha liwe wazi, usishawishike kujazia na nyingine ili kuokoa nafasi.

Na hii ya kutochanganya sio usafi tu jamani. Weka risasi ya .380 na ya 9mm ya kawaida zikiwa zimesimama kwenye trei uziangalie kwa juu, utofauti hauoni, kichwa ni karibu upana ule ule, ganda moja lina milimita 17 na lingine 19, basi. Afu 9mm inaingia vizuri tu kwenye bastola ya .40 kwa sababu chemba ya .40 (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) ni pana, ikilia ganda linaweza kupasuka humo ndani. Za rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) nazo hivyo hivyo, .38 Special unaruhusiwa kuipiga kwenye rivolva ya .357 Magnum lakini sio kinyume chake, na ndo sababu ganda la .357 lilifanywa refu zaidi, lisiingie kabisa kwenye silinda ya .38. Lakini sio bastola zote zina ulinzi wa aina hiyo, ulinzi wako ni boksi lililoandikwa.

Kuhusu kuandika, naomba watu waache kutupa pakiti za kiwandani. Ile karatasi unayoiona uchafu ndo ina kaliba, uzito wa kichwa na namba ya loti (kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja), na kiwanda kikigundua kuna toleo lina hitilafu kinatangaza kurudisha kwa kutumia namba ya loti, sasa wewe uliyemwaga zote kwenye kopo moja utajuaje zako zimo au hazimo? Itabidi uziache zote. Kama pakiti imechakaa na unataka kuhamishia kwenye yale maboksi ya plastiki yenye vishimo 50 au 100, sawa, ni mazuri, unahesabu kwa macho tu bila kumwaga kitu, ila kata ule upande wa pakiti wenye maandishi uuweke ndani chini ya mfuniko, na nje bandika lebo yenye kaliba na tarehe ya kununua. Nje iwe upande wa mbele, sio juu, maana yakipangwa moja juu ya lingine lebo ya juu haionekani (hili dogo lakini linaudhi). Na angalia vishimo ni vya kaliba gani, ukiweka 9mm kwenye trei ya .45 zinachezacheza na kulala upande. Bawaba za plastiki nyingi huchoka, lile lililokatika usilifunge na raba bendi ukajiambia limepona.

Sasa unyevu. Watu wanafikiri mfuniko ukibana kazi imeisha, kumbe mpira ule unazuia unyevu wa nje usiingie na pia unazuia wa ndani usitoke, ukilifunga siku ya mvua hewa ikiwa nzito umeifungia hewa ile ile humo na risasi zako. Weka kipakiti cha silika jeli ndani, ikiwezekana zile punje zinazobadilika rangi, za bluu zikigeuka pinki au za chungwa zikigeuka kijani ujue zimeshiba, unazikausha kwenye oveni kwa moto mdogo unarudisha. Kama boksi ni la mtumba ukague mpira kwanza, weka ukanda wa karatasi pale kwenye mdomo, funga, vuta, ukitoka kirahisi mpira umekufa, nunua mwingine au tafuta boksi lingine. Wenye subira wanaweka tishu kavu ndani wanalizamisha kwenye ndoo ya maji, hapo boksi tupu lakini eh.

Joto ni baya kuliko watu wanavyodhani. Baruti ya kisasa ni nitroselulosi na inaoza taratibu, kiwandani wanaitia kemikali ya kuichelewesha isiharibike, na joto linaimaliza hiyo kemikali haraka. Kwa hiyo boksi zuri kiasi gani likikaa kwenye buti ya gari juani au chini ya bati limekosa maana.

Halafu kuna mikanda na vifuko vya ngozi. Vinapendeza, najua, lakini ngozi ina asidi na chumvi za kuilainishia, na ganda la shaba nyeupe likikaa humo muda mrefu linaota kutu ya kijani. Ngozi ni ya kubebea, sio ya kuhifadhia. Na kabati lenye sabuni za amonia pia sio mahali pake. Jeshi la Waingereza kule India enzi za ukoloni lilipata shida hii, risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi kipindi cha mvua za monsuni zilikutwa maganda yake yanapasuka yenyewe bila kuguswa, na mwaka 1921 ndo wanasayansi wakaeleza vizuri kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi ikikutana na shaba ya ganda ambayo bado ina mkazo wa kufinyangwa kiwandani. Hakuna mwenye farasi chumbani, lakini dawa za kusafishia vioo tunazo.

Kitu ambacho nakataa kabisa ni makopo yaliyokuwa ya chakula. Mtoto haangalii lebo yako, anaangalia picha ya kitu anachokipenda, na mgeni naye vile vile. Chukua chombo ambacho hakifanani na kitu kingine chochote cha nyumbani, na kiwe na tundu la kupitisha kufuli, afu kikae mbali na bastola yenyewe, na sheria za mahali ulipo uzisome kwanza maana kuna sehemu hiyo sio hiari.

Moto nao wengi wanauogopa vibaya. Risasi ikiungua nje ya mtutu ganda ndo linapasuka, vipande vinaruka karibu karibu, hairuki kama iliyopigwa. Kinachotakiwa kuogopwa ni chombo kinene sana kilichozibwa kabisa, kinakusanya presha. Kwa hiyo boksi la kawaida lenye komeo linatosha, usichomelee kitu.

Mkirudia makala hiyo mhariri naomba mfute ule mstari wa "chombo chochote", na mkipata nafasi wekeni picha kubwa ya kitako cha ganda ionyeshe kaliba inaandikwa wapi, maana kuna wenye leseni hawajawahi kupageuza hapo wakasoma.

Msomaji wenu wa siku zote