Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wote, Mafinga

Ndugu wanachama, kamwene.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha malezi ya watoto mnazijua, semina ya walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana ilifanyika, kupima watoto uzito na urefu kulifanyika, mapishi ya lishe nayo yalifanyika, wote mlioshiriki asanteni.

Sasa lile la fulana, maana maneno yamekuwa mengi kwenye grupu, mnalalamika kwamba mwaka huu hatukuandamana na fulana hazikununuliwa. Ni kweli nilifuta maandamano ya Siku ya Mtoto wa Afrika, na hela ya fulana ikaenda kwenye nauli ya vikao vya mipango na kutoa kopi. Niliamua ivo na nitaamua ivo tena. Tarehe 16 Juni bajeti ya halmashauri inakuwa imeshapita zamani, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, sasa tukiandamana na fulana mpya tunamwomba nani na tunamwomba nini? Mipango inaanzia mtaani, inapanda kata, ndo inafika kwa madiwani, kwahiyo mimi na katibu tukaenda hukohuko mapema.

Sera zipo jamani. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inagusa watoto wa miaka 0 hadi 8, imetaja afya, lishe, malezi yenye mwitikio (yaani mlezi kumsikiliza na kumjibu mtoto), kujifunza mapema, ulinzi na usalama. Na halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 ya lishe kwa kila mtoto chini ya miaka 5. Ila kutenga na kutoa ni vitu viwili, na asiyekaa kwenye kikao hajui kipi kimetoka.

Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta udumavu, yaani watoto chini ya miaka 5 kuwa wafupi kuliko umri wao, Iringa ni karibu asilimia 57, nchi nzima 30, Njombe na Rukwa wako kwenye 50. Sisi tunaolisha watu mahindi, maharage na viazi! Inaniuma sana. Mama anatoka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya chai, mtoto anabaki na dada yake ambae nae ni mtoto, anashinda na uji mweupe wa sembe, wengine wanapewa hadi ulanzi, pombe ya mianzi, ili walale. Kwa mtoto kama huyu fulana ingesaidia nini?

Ombi letu la kituo cha mchana karibu na mashamba limeingia kwenye mpango wa kata, na hilo nimelisimamia mimi mwenyewe, wengi wenu hamkuwepo.

Maana mahudhurio ni mabaya. Tuko wanachama 64, waliolipa ada hawafiki 20, kikao cha mwisho tulikuwa 11, alafu wanaolalamikia fulana wengi wao hawajalipa. Pango la ofisi tunadaiwa.

Mwaka ujao Mungu akipenda tutafuatilia hicho kituo, na tukipata nguvu tufike na vijijini. Ada apokee mweka hazina tu, kabla ya mkutano mkuu.