Ngoma za Waha zisingoje msafara

Ndugu Mhariri,

Kila ukitangazwa ujio wa mkubwa huku kwetu Kasulu, nchi ya Waha, wa kwanza kupigiwa simu ni vikundi vya ngoma. Shangazi yangu yumo katika kimojawapo. Safari iliyopita walipangwa kando ya barabara tangu asubuhi, jua likawawakia hadi saa tisa, msafara ukapita vioo vimefungwa. Wakagawiwa soda, wakatawanyika. Shangazi hakulalamika, aliuliza tu nauli italipwa na nani.

Naandika kwa sababu nimewaona watu wengine wa milimani wanavyofanya. Nilipokuwa nasoma India, dada mmoja wa darasani kwetu, wa kabila la Wakhasi, alitualika kwao Shillong, mji mkuu wa jimbo la Meghalaya, kaskazini mashariki kabisa mwa nchi ile. Unashukia Guwahati, unabanana kwenye gari la abiria, na kadiri barabara inavyopanda ndivyo unavyojiona kama unaelekea Manyovu, huku kwetu milimani: mabonde ya kijani, ukungu, baridi ya kutafuta sweta. Ila kwa mvua hatuwawezi. Sohra, ile ambayo vitabu vya jiografia huiita Cherrapunji, hupata karibu milimita 12,000 kwa mwaka. Sisi Kigoma tukifikisha 1,000 tunashukuru. Mkulima wa kule hahangaiki na mwavuli. Hujitwika mgongoni ngao ya mianzi na majani inayomfunika kuanzia kichwani, mikono ikabaki huru kupalilia.

Mama mwenye nyumba alitukaribisha kwa popoo, jani la tambuu na chokaa. Wazee wa Ujiji wangenicheka, maana nilitokwa jasho hadi masikioni. Nyumba ile atairithi binti yake wa mwisho, ndiye atakayewatunza wazazi, na watoto wote hubeba jina la ukoo wa mama. (Nilipolisimulia hilo kijiweni, habari ya ngoma haikusikilizwa tena. Niwakumbushe tu kwamba mwanamke, Mwami (yaani chifu) Theresa Ntare, aliitawala Heru ya Waha kabla ya uhuru.)

Ilikuwa Aprili, majira ya Shad Suk Mynsiem, ngoma ya shukrani inayochezwa katika uwanja wa Weiking. Mimi nilijiandaa kuona watu wakiruka. Wapi! Wanaingia wasichana, wale ambao hawajaolewa tu, wamevaa hariri, shanga nene za dhahabu na marijani, taji kichwani, macho chini. Miguu haiachani na ardhi. Vidole vinajivuta, kisigino kinafuata, ukigeuka kuongea na jirani kisha ukatazama tena, binti kasogea shibiri moja. Wanaume wanawazunguka kwa nje, mkono mmoja upanga, mwingine usinga, ndio walinzi wao. Ngoma zinalia, zumari juu yake. Sisi wageni tulikaa pembeni pamoja na wenyeji, na hakuna hatua iliyoharakishwa kwa ajili yetu.

Mtu asiseme wenzetu wameweza kwa kuwa hawakuguswa na mambo mapya. Wamishonari walifika kwao karne ya 19, na leo Wakhasi wengi ni Wakristo. Mwaka 1899 vijana wao waliunda Seng Khasi, chama cha kulinda dini na mila za asili, na hadi leo chama hicho ndicho kinachoandaa ngoma ile. Mwenyeji wetu anasali Presbiteri. Hakucheza, lakini alitueleza kila kilichokuwa kikiendelea uwanjani.

Msitu wao wa Mawphlang pia nao ni mwiko: huruhusiwi kutoka na hata jani moja. Kijana aliyetutembeza alimrudisha mwenzetu aliyekuwa ameokota kijiti. Kijijini kwa babu yangu kulikuwa na kichaka cha matambiko. Sasa ni tanuri la matofali.

Ombi langu kwa halmashauri za Kasulu, Buhigwe na Kibondo ni hili. Tengeni siku moja ya ngoma kila Julai, mahindi na maharage yakiwa yameshaingia ghalani, vijiji vicheze vyenyewe kwa wenyewe. Pasiwe na mshindi wala kombe, tumeshaona mashindano yanavyoleta ugomvi. Kiongozi atakayependa kuja atandikiwe mkeka kama wengine. Masheikh na wachungaji waalikwe mapema, waulize maswali yao kabla ya siku yenyewe. Mimi ningeanzia Heru Juu, yalipokuwa makao ya mwami, na wasichana wa sekondari wafundishwe na kina mama walewale wanaosimamishwa barabarani. Wengi wana zaidi ya miaka sitini. Ofisi ya utamaduni ikitaka majina yao, nitayapeleka mwenyewe.

Mwalimu wa sekondari,
Kasulu, Kigoma