Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tofauti ya Malipo kati ya Wanawake na Wanaume

Ndugu wanachama,

Kwa kuwa Mhazini atasoma hesabu zake mwenyewe, taarifa yangu itahusu jambo lililotawala vikao vyetu vya mwaka huu hapa Tanga, yaani tofauti ya malipo kati ya wanawake na wanaume, na hasa namna tulivyolizungumza bila kuelewana.

Walimu na watumishi wa umma walishikilia kwamba kwao jambo hili halipo, kwa sababu ngazi ya mshahara serikalini haiulizi jinsia. Wenzao wa hotelini na viwandani wakajibu kwamba lipo na wanaliona. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilisema kweli, ila zilikuwa zikijibu maswali mawili. La kwanza ni kama watu wawili wenye kazi moja wanalipwa sawa. La pili ni kama wastani wa malipo ya wanawake wote unalingana na wa wanaume wote. Tuchukue ofisi yenye wanaume wawili, meneja wa shilingi 1,500,000 na karani wa shilingi 500,000, pamoja na wanawake wawili, wote makarani wa shilingi 500,000. Makarani wako sawa, na bado wastani wa wanawake ni nusu ya ule wa wanaume. Anayekana tofauti hiyo kwa kuonyesha ngazi za mishahara hajaeleza kwa nini meneja ni mwanamume; naye anayeiita wizi wa mwajiri amesema zaidi ya hesabu yake.

Hata hivyo, sheria ni pana kuliko wengi wetu tulivyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, si kwa kazi ileile tu. Hapo wanachama waliokulia kwenye mashamba ya mkonge wakauliza: mkata mkonge, kwa desturi mwanamume, na mwanamke anayeanika singa, yaani nyuzi za mkonge, juani, nani amewahi kuzipima kazi zao kwa mizani moja? Swali hilo lilikula kikao kizima, na lilistahili.

Mchumi wa Marekani Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya tofauti ya sasa imo ndani ya kazi zilezile, na hujitokeza hasa baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Hayo ni ya kwao, lakini akina mama wetu waliyatambua mara moja. Likizo ya uzazi ya siku 84 hulipwa. Kinachowapita baadaye ni zamu za usiku, saa za ziada na safari zenye posho, ambazo hazimo katika ngazi yoyote ya mshahara.

Wapo waliotaka kila mmoja ataje mshahara wake kikaoni. Anayeujua mji huu atakubali kwamba wakopaji wangekuwa mlangoni kwake kabla ya magharibi. Kwa hiyo Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe fomu isiyo na jina, inayotenganisha mshahara, posho na saa za ziada, ijazwe na wanachama wote kabla ya kikao kijacho.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti