Zuhura, mwanao ana mguu wako wa kushoto

Mbagala, Agosti 2025

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Sisi huku ni wazima wa afya, hofu ni juu yenu wa huko Tanga. Bi Mkubwa mfikishie shikamoo yangu, mwambie dawa yake ya miguu nimeipata, imo kwenye mfuko huuhuu. Khanga ni zako. Barua nampa Mwajuma kwa kuwa anapanda basi la alfajiri, na kwa kuwa jambo lenyewe haliongeleki kwenye simu wakati Baba Rehema amekaa pembeni yako anasikiliza.

Usishtuke, mtoto mzima. Anakula, anasoma, hesabu bado zinamsumbua. Ila kuna kitu nimekuficha tangu mwezi wa tano na kimenikaa kooni. Rehema anacheza mpira. Sisemi ule wa kurukaruka saa ya mapumziko shuleni. Anacheza kwelikweli, jioni tatu kwa wiki, na wasichana wa hapa mtaani. Wiki iliyopita timu moja ya Ligi Kuu ya Wanawake ilikuja kuwaangalia, ikamtaka kwenye kikosi chake cha vijana. Wametoa fomu. Fomu inataka saini ya mzazi, na mama mdogo hahesabiki.

Najua umeshakunja uso. Nisikilize kwanza.

Mwanzoni alikuwa anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, nikimuuliza anasema walikuwa wanafagia uwanja wa shule. Siku ya tatu nikamfuata. Nikajibanza nyuma ya mama muuza mihogo, natazama. Mpira ukaja wa juu, akautuliza kwa paja, akauacha udondoke, kisha akauburuta kwa mguu wa kushoto kwenda ndani. Beki akapita mzima mzima, akaenda kukamata hewa. Wallahi Zuhura, nilikuona wewe. Ni ileile uliyowafanyia wasichana wa Korogwe kwenye UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, wakakuita kila jina. Nani kamfundisha? Wewe hujawahi hata kumwambia kwamba ulicheza. Aliponiuliza, "Mama mdogo, hivi mama alikuwa anacheza?" nikainamia cherehani, sikumjibu. Nilikuachia wewe umwambie.

Njumu zake ni za mtumba, zimemzidi namba moja. Anavaa soksi mbili na mbele anajaza vipande vya kitambaa anavyookota chini ya cherehani yangu. Kila usiku anazisugua kwa mswaki wa zamani, anavuta ndimi zake nje, anaziegemeza dirishani zikauke. Kila nikiziona pale dirishani nazikumbuka zako. Nakumbuka mjomba wako alivyozitia kwenye moto wa uani, na ile harufu ya plastiki ikashika mpaka nguo za kwenye kamba. Hukulia. Kesho yake ukasema mpira umekuchosha. Sikukuamini siku ile na leo pia sikuamini.

Na 2010 je? Rehema ana wiki moja tu, wewe unanyonyesha, mimi nashika antena ya redio ya baba yako. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wamefika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, chini ya kocha Mkwasa, kule Afrika Kusini. Wenyeji wakatufunga 2-1, Mali wakatufunga 3-2, Nigeria 3-0. Mechi tatu, hatukuambulia hata sare. Wote walikuwa wanalia mabao, lakini wewe ulisema kitu kimoja kwa sauti ya chini: "Sophia Mwasikili ni nahodha kule, na mimi niko hapa." Nilikosa la kukujibu. Miaka kumi na tano imepita na bado…

Basi mwezi uliopita Twiga wamerudi, safari hii Morocco. Kufika huko kwenyewe ilikuwa kazi, si unakumbuka walivyowachapa Togo 3-0 hapa Chamazi, halafu kwao tukafungwa 2-0 tukapona kwa bao moja? Mechi ya kwanza Mali wakatufunga 1-0. Ya pili ilikuwa usiku wa Ijumaa, pale Oujda, na ni Afrika Kusini walewale, tena wakiwa mabingwa watetezi. Tulijazana kwa Mama Kulwa, watu kumi na saba kwenye sebule ya watu sita. Rehema amevaa jezi ya taifa ya kiume niliyompunguzia mabegani. Opa Clement wetu akatupia bao kipindi cha kwanza. Sebule ililipuka, Mama Kulwa kamwaga chai kwenye kochi. Rehema peke yake hakuruka. Alikuwa amesimama, mikono kichwani, anamwangalia Opa anavyokimbia. Kipindi cha pili wakasawazisha, ikaisha 1-1. Ndiyo pointi yetu ya kwanza kabisa kwenye fainali hizo, Zuhura. Nikamwambia, "Ulipokuwa mchanga wa wiki moja, mama yako alisikiliza mechi ya timu hizihizi kwenye redio, akiwa amekupakata." Akaniuliza, "Alilia?" Nikamwambia ndiyo.

Ghana walitufunga 4-1, tukatoka. Nakuandikia na hilo ili usione kama nakupamba. Wala sikwambii mpira utamjengea nyumba. Ligi ya wanawake hapa nyumbani si ligi ya kiume kwa pesa, na magoti yanaumia, mtoto wa Bi Asha unamwona anavyochechemea. Nililala na hayo usiku kucha kabla ya kushika kalamu. Lakini naona pia kwamba njia ipo, ambayo kwetu haikuwepo. Aisha Masaka ametoka Singida, akachezea Yanga Princess, akaenda Häcken ya Sweden, mpaka Brighton ya Uingereza. Opa alikuwa Simba Queens kabla ya kwenda Uturuki. Na wale Serengeti Girls wa 2022 walikuwa watoto wa chini ya miaka kumi na saba, wakaenda Kombe la Dunia India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali. Rehema ana matokeo yote kichwani. Natamani angezishika hesabu hivyo!

Kocha ni mwanamke, nimekwenda kukaa naye. Nimemwambia kidato cha pili kina mtihani wa taifa, na huyu mtoto akikosa shule hata siku moja kwa ajili ya mazoezi namtoa. Amekubali. Ameniambia wanafanya mazoezi jioni na Jumamosi asubuhi, nauli wanatoa wao. Bukta kwa Rehema si tatizo, anavaa taitsi ndefu ndani na kilemba cha michezo, nimemshonea mwenyewe viwili.

Baba Rehema atasema jike dume. Atasema nani atamwoa. Mwambie kwanza ana miaka kumi na minne. Halafu mwambie ulikuwa winga wa mkoa siku aliyokuja kukuposa, maana nadhani hilo hajui mpaka leo, au anajua? Mlishawahi kuongea? Na ukiona yeye mgumu, nimtume Shemeji Hamisi aje Jumapili wazungumze kiume? Fomu nimeikunja ndani ya khanga ya bluu, inatakiwa kurudi kabla ya tarehe 30. Utaisaini? Kama huwezi kuisaini bila yeye, utanijulisha mapema, nisimwache mtoto akiongopewa? Na picha iliyomo kwenye bahasha umeiona? Angalia mguu unaopiga. Umekasirika kwamba nilikuficha? Utakuja lini umwone mwenyewe? Jumamosi yoyote, mimi nitakuja kukupokea stendi ya Magufuli, tutapitia palepale uwanjani kabla hujavua hata ushungi wa safari.

Mwajuma anagonga mlango, basi lake la saa kumi na moja. Rehema amelala, hajui kama nakuandikia. Njumu ziko dirishani.

Wako,
Tatu