Barua ya Malalamiko: Niliulizwa Bei ya Kununua, Nikakatwa kwa Gharama ya Kujenga

Majengo,
Mombasa.
12 Mei 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Fidia,
Tawi la Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: KUPUNGUZIWA FIDIA YA BIMA YA NYUMBA ILIYOUNGUA

Nimepokea barua yenu inayosema mtanilipa shilingi 520,000, ilhali mkadiriaji wenu mwenyewe ameandika kuwa hasara ni shilingi 900,000. Siikubali hesabu hiyo. Naomba unisikilize, kwa sababu kosa lilianzia kwenye fomu, miaka mingi kabla ya moto.

Ajenti wenu alikuja kwangu mwaka 2019, tukakaa barazani. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Yeye akisoma, mimi nikijibu, yeye akiandika. Kwenye vyombo alikuwa makini sana: friji, cherehani, makabati, hata vitanda alivihesabu kimoja kimoja. Lakini nyumba yenyewe, ambayo ndiyo mali yangu kubwa kuliko zote, aliiulizia swali moja tu: "Mama, uliinunua kwa ngapi?" Nikamwambia 2,400,000, nikamwonyesha na hati ya mauziano. Akaiandika hiyo kuwa thamani ya nyumba.

Wewe ni mtu wa Mombasa, au angalau unafanya kazi hapa. Unajua kwamba wengi wetu tuna nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zetu, kiwanja ni cha mwingine na tunamlipa kodi ya ardhi. Bei ya nyumba kama hiyo huwa ya chini kwa sababu mnunuzi anaogopa siku mwenye ardhi atakapotaka kiwanja chake. Saruji, mabati na fundi havina habari na hofu hiyo. Na yule wa Nyali aliyenunua nyumba pamoja na kiwanja, akiulizwa swali hilohilo, atalipia bima ya ardhi ambayo haiungui. Swali moja, linatupotosha sote wawili. La kuuliza lilikuwa: nyumba hii ikianguka yote leo, kuisimamisha tena ni shilingi ngapi?

Moto wa Machi ulitokana na shoti ya umeme darini. Majirani walipanga foleni ya ndoo kutoka uwani, nami nawashukuru mpaka leo. Paa lote la nyuma lilikwenda, na vyumba viwili. Mkadiriaji alipokuja alisema kuijenga nyumba nzima ni shilingi 4,000,000. Basi mkasema nimeikatia bima asilimia 60 tu ya thamani yake, kwa hiyo nalipwa asilimia 60 ya hasara: 540,000, kisha mkatoa 20,000 ambazo mkataba unanitaka nizibebe mwenyewe.

Hizo 20,000 sizipingi. Nilielezwa, nikakubali. Hata kifungu cha wastani, hicho mlichonipunguzia fidia nacho, nimekisoma sasa, mwanangu akanifasiria, na naona mantiki yake: anayelipia sehemu hawezi kudai kama aliyelipia yote. Ninachopinga ni kuhukumiwa kwa kifungu ambacho hakuna aliyenitajia, kwa kiasi ambacho mtu wenu ndiye aliyekichagua. Kila mwaka mlinitumia barua ya kuhuisha bima yenye 2,400,000 ileile, na kila mwaka nililipa kabla ya tarehe. Saruji imepanda mara ngapi tangu 2019? Hakuna aliyeniuliza.

Ninaomba mnilipe 880,000. Mkiona ni haki, pigeni hesabu ya ada ambayo ningelipa tangu 2019 kama nyumba ingeandikwa 4,000,000, mkate tofauti hiyo kwenye fidia yangu. Sitaki cha bure. Ninaomba pia nakala ya ripoti ya mkadiriaji na ya fomu ile ya 2019, ili ionekane mwandiko ni wa nani.

Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 14. Lisipokuja, nitapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, Nairobi, pamoja na risiti zangu zote. Mvua za masika zimeshaanza, na vyumba vyangu viwili vimefunikwa kwa turubai.

Wako mwaminifu,
Mwenye nyumba, Majengo