Barua kwa rafiki wa Kongwa kuhusu mbegu iliyopitia ukame

Dodoma mjini,
Mwezi wa Mei

Ndugu yangu Yohana,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, na natumaini mama watoto na wazee wetu wa Kongwa nao ni wazima. Barua yako imenifikia. Unauliza kama mtama uliosalimika shambani kwako baada ya mvua kukatika mwezi wa Februari ndio utoe mbegu ya msimu ujao, kwa kuwa umesikia ikisemwa kwamba mmea uliopata shida hujifunza na kuwarithisha watoto wake yale uliyojifunza. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu usemi huo una ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe hauko pale watu wanapouweka.

Ni kweli kwamba mmea hukumbuka. Udongo unapokauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka ndani ya mmea, na vile vitundu vidogo vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke hufungwa ili maji yasizidi kupotea. Jani hujikunja, seli hukusanya sukari na prolini (aina ya asidi amino) ili zishikilie maji yaliyobaki, na jeni nyingi zilizokuwa zimetulia huanza kufanya kazi. Hadi hapo mmea unajihami tu. Suala la kumbukumbu hujitokeza mvua inaporudi, kisha ikakatika kwa mara ya pili. Mwaka 2012, Yong Ding, Michael Fromm na Zoya Avramova wa Chuo Kikuu cha Nebraska-Lincoln, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya haradali ambao wanasayansi hupenda kuuchunguza kwa sababu hukua upesi. Waliianika mimea hiyo kwa saa mbili, wakairudishia maji hadi kesho yake, wakaianika tena. Ile iliyokwisha kuonja kiu ilinyauka polepole kuliko ile iliyokuwa ikikutana na kiu kwa mara ya kwanza, na baadhi ya jeni zake ziliitikia kwa nguvu zaidi kuliko awali. Walipochunguza sababu, waliona kwamba mmea ulipopata maji jeni hizo zilipunguza kazi kama kawaida, lakini alama za kikemia zilizowekwa kwenye protini zinazobeba vinasaba hazikufutika, na kimeng'enya kinachonakili jeni kilibaki pale pale mwanzoni mwa jeni kikisubiri.

Sasa angalia muda, kwa maana hapo ndipo penye jibu lako. Mimea ile iliponyweshwa kwa siku tano mfululizo, kumbukumbu ilikuwa bado ipo. Ilipofika siku ya saba, ilikuwa imekwisha kutoweka. Mwaka 2016 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walitoa hoja kwamba tumekuwa tukishangilia kumbukumbu ya mimea na kusahau kwamba mara nyingi zaidi mmea huchagua kusahau, nami nakubaliana nao, kwa sababu tahadhari ina gharama. Mmea uliofunga vitundu vyake hauingizi hewa ya ukaa, na usipoiingiza hautengenezi chakula, wala hauwezi kujaza punje. Mtama ambao ungeendelea kuogopa ukame wa Februari hadi mwisho wa Machi, huku mvua ikinyesha, ungekuletea masuke matupu.

Ikiwa mmea wenyewe husahau ndani ya wiki, je, mtoto wake atakumbuka nini? Zipo taarifa za alama chache zinazovuka kutoka kwa mzazi hadi kwenye mbegu, lakini nguvu yake ni ndogo, hutofautiana kati ya aina na aina, na mara nyingi hupotea baada ya kizazi kimoja au viwili. Mimi nisingepanda hata robo ekari kwa kuzitegemea. Tena kuna hasara ya wazi: suke lililokosa maji wakati wa kujaza punje hutoa mbegu nyepesi, na mche wake huchipua ukiwa dhaifu.

Kumbukumbu unayoitafuta, ndugu yangu, ni ile ya uteuzi, na hiyo ni ya zamani sana. Mtama ulianza kulimwa huko upande wa Sudan maelfu ya miaka iliyopita, na tangu wakati huo kila mkulima aliyehifadhi suke zuri katika mwaka mbaya ameongeza kitu humo: nta juu ya majani, mizizi inayoshuka chini, na uwezo wa kusimamisha ukuaji kabla ya kuchanua kisha kuendelea mvua inaporejea. Baadhi ya mitama ya Ethiopia hubaki na majani ya kijani hata ukame unapobana mwishoni mwa msimu, na watafiti wamegundua kwamba siri yake kwa sehemu kubwa ni ubanaji wa matumizi: mmea huwa na machipukizi na majani machache tangu mwanzo, hivyo maji ya udongoni hubakia hadi wakati wa kujaza punje. Mahindi hayana subira hiyo. Ukame ukiyakuta yanachanua, mbelewele hutoa chavua kwa wakati wake huku nywele za hindi zikichelewa, na matokeo yake unayafahamu. Kwa nchi hii yetu, ambayo kwa wastani hupata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na tena katika msimu mmoja tu, sioni kwa nini tunaendelea kuyang'ang'ania.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, chukua mbegu shambani kwako, lakini kwa sababu nyingine: ukame umekuonyesha mashina yaliyo bora. Pita kabla ya kuvuna, uchague masuke yaliyojaa vizuri kutoka katikati ya shamba, mahali ambapo udongo wa shina ni sawa na wa mashina ya jirani, kwa maana shina lililonenepa kando ya mfereji au penye samadi limepata bahati tu. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo utakachochagua utakipata tena. Uwele ni tofauti, kwani huchanganya chavua na shamba la jirani; kwa hiyo ukiuchagulia mbegu, chukua masuke mengi ya mashina mbalimbali, usitegemee matatu au manne.

Jambo moja la mwisho, kwa kuwa ulitaja ng'ombe. Mtama mchanga, na hasa ule unaochipua upya baada ya ukame, huwa na kemikali ambayo tumboni mwa mnyama hugeuka kuwa sianidi, na ng'ombe mwenye njaa anaweza kufa akiula kwa pupa. Wazuie vijana wasiingize mifugo kwenye machipukizi hayo ya mashina yaliyokatwa. Ukiyakata na kuyaanika yakauke kabisa, sumu hupungua sana.

Niandikie utakapomaliza kuchagua, unieleze masuke yalivyo, nami nikija mwezi wa saba tutayapima pamoja.

Wako ndugu,
Elia