Kidonda Kimefunga, Mwenyewe Bado: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha walioumia kichwa, walezi wetu, na wageni mliofika kwa mara ya kwanza, karibuni.

Taarifa hii nimeiandika kwa siku tisa. Nilikuwa mwalimu, zamani ningeimaliza jioni moja huku nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Siku hizi nikikaa nusu saa kichwa kinagoma. Naacha, narudi kesho, nakuta sikumbuki aya ya jana ilihusu nini. Nayasema haya ili yule aliyejiunga mwezi uliopita, anayedhani yuko peke yake, ajue kuwa hata mwenyekiti wake anatembea na daftari.

Tumekutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Aprili mvua ilipokata njia. Kikao kilichojaa kuliko vyote ni kile muuguzi mmoja alipokubali kuja kutusomea karatasi zetu za kuruhusiwa hospitali. Wengi tumezitunza kwenye mifuko ya rambo miaka nenda miaka rudi bila kujua zinasema nini. Mama mmoja alikuwa na ya mwanawe, imeandikwa "GCS 6". Muuguzi akaeleza kwamba hicho ni kipimo cha fahamu kilichoanzia Glasgow mwaka 1974: wanaangalia mgonjwa anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo. Alama zinaanzia 3 hadi 15, na mwenye 8 kushuka chini anahesabiwa kuwa ameumia vibaya. Mama yule akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe! Na mimi namwita mvivu."

Ndugu zangu, bandeji ikishatolewa mtaa mzima unasema amepona. Hasira zinazolipuka bila sababu, usingizi wa mchana, maneno yanayopotea mdomoni, vyote vinaitwa tabia, ulevi, au amerogwa. Mwanachama wetu mmoja aliunguza maharage mara tatu kwa wiki moja na mawifi wakamsema kwa uzembe. Hakuna aliyejua kuwa pigo la kichwa linaweza kukata neva za kunusa. Harufu ya kuungua haimfikii kabisa. Sasa anapika kwa kutega kengele ya simu, na mawifi tumewaalika kikaoni. Walikuja wawili.

Walezi walitudai siku yao, tukawapa: chai na vitumbua, na sisi wagonjwa tukatolewa nje. Yaliyosemwa humo hayakuandikwa. Moja tu nimeruhusiwa kulileta hapa. Mke wa mwenzetu alisema, "Eda sijakaa, lakini mume aliyenioa hayupo." Tangu siku hiyo nimeacha kuwaambia walezi wawe na subira. Ninawauliza nani atakaa na mgonjwa Jumatano ili wao wakalale.

Sasa kuhusu dawa za kifafa, maana pigo la kichwa linaweza kukiacha nyuma, na hapa nitakuwa mkali. Wenzetu wawili waliziacha kwa sababu miezi ilipita bila kuanguka, na wote wawili wakaanguka, mmoja karibu na jiko la mkaa. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta mshtuko mbaya zaidi. Daktari ndiye anayezipunguza. Niliwahi kuwasimulia habari za Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani, aliyetobolewa fuvu na nondo mwaka 1848 akaishi. Watu hupenda kusimulia alivyobadilika tabia. Mimi napenda sehemu ya mwisho, kwamba baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya abiria ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi yenye ratiba na njia ileile. (Kijana wetu wa bodaboda aliuliza kama leseni alirudishiwa.) Lakini alikufa mwaka 1860 kwa degedege mfululizo, enzi ambazo dawa tulizo nazo leo hazikuwepo.

Kwenye mikopo tumekwama. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024, nasi tukaunda kikundi cha kufuga kuku. Tulipopeleka fomu, ofisa mmoja alitutazama akauliza, "Mlemavu ni yupi hapa?" Tumeanza upya, safari hii kila mmoja akiwa na barua ya daktari. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haisemi popote kuwa lazima mtu awe na gongo.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaokufundisha upya kufunga vifungo na kuhesabu chenji, bado ni wachache mno. Tumeandika barua kuomba mmoja atutembelee hata mara moja kwa miezi mitatu. Jibu halijafika.

Vijiweni tulikwenda mara nne kuzungumzia helmeti. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa kwa wapanda pikipiki helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69 na vifo kwa karibu asilimia 42. Madereva wanazijua takwimu. Wanasema abiria ndio wanaokataa, wakihofia fangasi na kuharibu nywele. Ni kweli. Mimi mwenyewe siku ile niliyoumia nilikuwa nimesuka asubuhi, na helmeti ya abiria ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Chukueni leso, vaeni chini yake.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitaendelea kwa mwaka mmoja tu, kwa hiyo anayetaka kiti hiki aanze kukaa karibu na katibu kuanzia leo. Daftari la zamu za Jumatano liko mezani karibu na mlango. Mpaka naandika haya, wiki ya pili na ya nne hazina jina.